Fomu ya MB 5

Likizo ndefu ya mwaka 2025 tulipangiwa Ilomba, jijini Mbeya. Tulikuwa mafrateri wanne, wote wa falsafa, na tuliishi katika nyumba ya parokia iliyo jirani na barabara kuu ya TANZAM, mahali ambapo malori ya Tunduma hayalali na baridi ya Julai humfanya mtu asali Masifu ya Asubuhi akiwa na blanketi mabegani. Kazi zetu zilikuwa zile ambazo kila frateri anazijua: mafundisho ya Kipaimara, kutembelea wagonjwa, kusali na jumuiya ndogondogo, na kupanga viti kanisani Jumamosi jioni.

Mwezi wa Agosti iliongezeka kazi nyingine. Vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wanaomba vyuo na mikopo ya elimu ya juu, na siku hizi mambo hayo yote yanapita mtandaoni. Fomu ya Bodi ya Mikopo inajazwa kwenye mfumo, inachapwa, inapelekwa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu kupata saini na mihuri, kisha inaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Kwa kijana asiye na kompyuta nyumbani, kila hatua ni hela ya steshenari. Basi Jumapili moja baada ya Misa, Baba Paroko alisimama akatangaza: "Vijana mnaoomba vyuo na mikopo, nendeni kwa mafrateri. Wana kompyuta, wana intaneti, na hawatawatoza hata senti." Waamini walipiga makofi. Tuliinamisha vichwa kama watu wanyenyekevu, lakini moyoni tulifurahi sana.

Intaneti yenyewe ilitoka kwenye ruta, kisanduku cheupe kilichokaa juu ya kabati la vyombo, chenye laini ya simu ndani yake. Parokia ililipia kifurushi cha nyumbani cha GB 100 kwa mwezi. Tulikiunga Ijumaa tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nane Nane, wakati watu wengi walikuwa wamekwenda kwenye maonyesho katika viwanja vya John Mwakangale. GB 100! Sisi ambao seminarini tumezoea bando la siku, la MB chache, tukaona tumepewa bahari. Mtu mwenye MB 500 kwenye simu huzima data mara tu anapomaliza kusoma ujumbe. Mtu mwenye GB 100 za nyumba hazimi kitu. Tukaandika neno la siri la waifai kwenye kipande cha karatasi, tukakibandika ukutani, na tukasahau habari ya kuhesabu.

Agosti hiyo ilikuwa pia ya CHAN, mashindano ambayo Tanzania iliyaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Nyumba yetu haikuwa na king'amuzi, kwa hiyo mechi tulizitazama kwenye kompyuta mpakato ya mdogo wetu, frateri wa mwaka wa kwanza, ambaye anajua majina ya wachezaji kuliko majina ya wanafalsafa. Tuliwatazama Taifa Stars wakiifunga Madagaska 2-1 tarehe 9. Tuliwatazama wakitoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati tarehe 16. Na tarehe 22 tulikaa kimya mezani baada ya Moroko kutufunga 1-0 katika robo fainali pale Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Jumanne tarehe 26 intaneti ilipoteza nguvu. Haikukatika. Ujumbe wa maandishi ulipita, picha zilichelewa, video zikawa zinazunguka duara lile la kusubiri. Tukasema mtandao wa Ilomba unasumbua, labda ni mvua kule mlimani. Hakukuwa na mvua; Agosti Mbeya ni vumbi tupu. Hakuna aliyeinuka kwenda kuangalia ruta inasemaje.

Jumamosi tarehe 30, saa kumi na mbili na nusu jioni, tulikuwa tumeizunguka ile kompyuta. Fainali ilikuwa inachezwa Kasarani, Nairobi: Moroko na Madagaska. Picha ilikuwa inakwama, inaruka, inakwama tena, lakini hatukukubali kuiacha. Ndipo hodi ikapigwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, dada."

Alikuwa binti mmoja wa jumuiya tuliyokuwa tukisali nayo kila wiki. Tulimsaidia kujaza fomu yake ya mkopo wiki mbili kabla. Tangu hapo alikuwa anazunguka kutafuta saini na mihuri, na sasa alikuwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mayai. Dirisha la maombi lilitangazwa kufungwa kesho yake, tarehe 31.

"Imekamilika, Frateri. Saini zote zipo. Imebaki kupandisha tu. Kesho alfajiri naenda na mama Tukuyu msibani, ndiyo maana nimekuja leo."

Tulichukua kompyuta ya pili, tukaskani kurasa zake, tukaingia kwenye mfumo. Kwa adabu tulipunguza sauti ya mechi. Hatukuizima. Jaribio la kwanza ukurasa haukufunguka. La pili ulifunguka, faili likaenda hadi nusu, likarudi na ujumbe wa kushindikana. La tatu hivyo hivyo. La nne mfumo ukatutoa nje, tukaanza upya kuandika namba ya siri. Nje kulikuwa kumeshaingia giza.

Hapo ndipo mmoja wetu alipoinuka kwenda kuangalia ruta kwa mara ya kwanza tangu Nane Nane. Akaunganisha simu yake na ukurasa wake, akakuta ujumbe mfupi zaidi ya kumi ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Mmoja ulisema tumefikia asilimia 75 ya kifurushi. Mwingine, wa tarehe 26, ulisema GB zote 100 zimetumika na kwamba tutaendelea kwa kasi ya kilobiti 256 kwa sekunde hadi mwisho wa kifurushi, tarehe 6 Septemba.

Kilichofuata tunakisimulia kwa aibu. Mbele ya yule binti tulianza kuulizana nani amemaliza bando. Macho yote yalimwelekea mdogo wetu wa mpira. Yeye akajitetea kwamba mechi hakuitazama peke yake. Kisha swali likawa nani ana hela kwenye simu ya kununua bando la dharura, na hapo kila mmoja akamwangalia mwenzake. Tangu ruta ifike tulikuwa tumeacha kuweka salio kwenye simu zetu. Maneno yalipokuwa yanaendelea hatukuona binti alipotoka. Alirudi baada ya dakika chache, simu mkononi.

"Frateri, nimeunga bando la buku. Unganisheni kompyuta, niwawashie hotspoti."

Faili lilipanda kwa dakika moja hivi. Mfumo ukasema maombi yamepokelewa. Yeye akashukuru, tena akashukuru sana, kama kwamba sisi ndio tuliompa kitu. Tulipomuuliza hela ameipata wapi, alisema mama yake alimpa elfu mbili, nauli ya bajaji ya kurudia kwa kuwa ni usiku, na ya sukari. Elfu moja imebaki, ya sukari. Wawili wetu tulimsindikiza kwa miguu hadi kwao ng'ambo ya barabara kuu, tukisubiri malori yapite. Njiani hatukuwa na mengi ya kusema. Binti aliyekuja kuomba intaneti kwa mafrateri ndiye aliyewapa mafrateri intaneti.

Jumapili jioni tulikwenda kwa Baba Paroko kuomba hela ya kuongeza kifurushi. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwanza nileteeni hesabu. Nikijua GB 100 zimekwenda wapi, nitajua kama nyingine 100 zitafika."

Usiku ule tulifanya jambo ambalo mmoja wetu aliliita kuchunguza dhamiri kwa simu. Kila mtu aliweka simu yake mezani, akafungua mipangilio, akaingia sehemu ya matumizi ya data upande wa waifai. Kompyuta nazo zina sehemu kama hiyo, inayoonyesha siku 30 zilizopita. Tuliandika kwenye karatasi.

Wa kwanza hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta ya ofisi ya parokia, ambayo ilikaa pembeni ya sebule yetu na haikuzimwa usiku wala mchana. Ilikuwa imepakua masasisho yake na kuhifadhi picha zote za parokia mtandaoni bila kumuuliza mtu: GB 24. Wa pili alikuwa yule mwenye bidii kuliko sote, anayefuatilia mihadhara ya falsafa kwa video, akiiacha icheze hata anapokwenda kunywa chai: GB 21. Mpira ulikuwa wa tatu, GB 17, na hizo zilikuwa zetu sote. Wa nne alikuwa na video za upadirisho alizorekodi Julai, nazo simu yake ilikuwa inazituma mtandaoni kila ilipoona waifai: GB 16. Kuzungumza na nyumbani kwa video na kutazama hali za watu kwenye WhatsApp kulikula GB 14, na hapo simu zote nne zilihusika. Jumla, GB 92. Kwa vijana wote waliokuja kuomba vyuo na mikopo, pamoja na kila tulichoshindwa kukipima, zilibaki 8.

Tulipima pia faili la yule binti. Fomu na viambatisho vyake vyote havikufika MB 5. Ndugu msomaji, fanya hesabu hiyo mwenyewe: katika GB 100 zinaingia fomu kama ile 20,000.

Tangu hapo tumejifunza kuhusu vifurushi vya nyumbani mambo ambayo tungeweza kuyajua tangu siku ya kwanza kama tungesoma karatasi tuliyopewa. La kwanza ni kwamba mwezi wa kifurushi si mwezi wa kalenda. Ni siku 30 tangu siku ya kuunga. Ukiunga tarehe 8 Agosti, mwisho wako ni tarehe 6 Septemba, na GB 100 ukizigawa kwa siku 30 unapata GB 3 na kidogo kwa siku, kwa nyumba nzima. Saa moja ya video yenye picha kali huweza kula karibu GB 3 peke yake. Ukipunguza ukali wa picha, inaweza kushuka chini ya GB 1. Mechi moja ya picha kali ilikuwa inakula siku yetu yote na ya kesho yake.

La pili ni kwamba kifurushi si kama LUKU. Uniti za umeme zikibaki mwezi ukiisha, unaendelea nazo. GB zikibaki, kwa kawaida hufa na tarehe yake. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa kanuni ndogo za vifurushi, na humo mteja alipewa nafasi ya kuendelea na salio lake iwapo atanunua kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Kanuni hizo ndizo pia zilizotaka mteja ajulishwe matumizi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Sisi tulijulishwa. Ila ujumbe ulikwenda kwenye laini iliyo ndani ya ruta, na ruta haina macho ya kusoma.

La tatu ni maneno ya tangazo. Karatasi yetu iliandikwa kwa herufi kubwa "bila kikomo", na chini, kwa herufi ndogo, "sera ya matumizi ya haki". Maana yake ni kwamba hutakatiwa, lakini ukipita kiwango fulani utapunguziwa kasi. Tulikasirika tulipoyasoma. Baadaye tuliona sababu. Ruta yenye laini ya simu hunywa kutoka mnara uleule unaotumiwa na simu zote za mtaa, na uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote waliopo. Nyumba moja ikinywa bila kupumzika, mama anayejaribu kutuma hela sokoni anasubiri. Ndiyo maana huduma ya faiba, ambayo waya wake hubeba mengi zaidi, mara nyingi huuzwa kwa kasi badala ya GB. Tunaona bado herufi zile zingepaswa kuwa kubwa sawa na zile za juu. Lakini hatuwezi kusema kikomo chenyewe ni uonevu.

La nne ndilo lililotuuma zaidi. Kilobiti 256 kwa sekunde zikigawanywa kwa nane ni kilobaiti 32. Faili la MB 5 kwa kasi hiyo linahitaji kama dakika mbili na nusu, likiwa peke yake njiani. Halikuwa peke yake. Mechi ilikuwa inavuta, kompyuta ya ofisi ilikuwa inavuta, simu nne zilikuwa zinavuta, na faili la binti lilikuwa linasukumana nazo mlangoni hadi mfumo unachoka kulisubiri. Kama jioni ile tungezima mechi na kuchomoa kompyuta ya ofisi, huenda fomu ingepanda kwa ile kasi ndogo iliyobaki, na nauli ya binti ingebaki mfukoni mwake. Hatukuhitaji hela. Tulihitaji kuzima vya kwetu kwa dakika tatu.

Sisi ni wanafunzi wa falsafa, na jambo hili tulikwishalisoma. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Siasa, anampinga Plato kwa hoja kwamba kitu kinachomilikiwa na wengi hutunzwa kidogo, kwa kuwa kila mmoja hufikiri mwingine anakiangalia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaichukua hoja hiyo katika Summa Theologiae, anapouliza kama ni halali mtu kuwa na mali yake. Anajibu kwamba ni halali, kwa sababu mtu hutunza zaidi kilicho chake, kazi huenda kwa utaratibu, na watu hukaa kwa amani. Kisha anaongeza sehemu ya pili ambayo wengi huisahau: katika kuvitumia, mtu asivihesabu vitu kuwa vyake peke yake, bali awe tayari kumpa mwenye shida. Swali hilo tulilijibu katika mtihani wa mwisho wa mwaka. Tulipata alama nzuri.

Ilomba tulifanya kinyume cha pande zote mbili. Katika kuitunza intaneti, tuliifanya ya wote, kwa hiyo haikuwa na mwenyewe: hakuna aliyesoma ujumbe, hakuna aliyehesabu siku. Katika kuitumia, kila mmoja aliifanya yake, hadi mwenye shida alipofika akakuta patupu. Mtakatifu Thoma angetaka mmoja wetu awe mlinzi wa ruta na wote tuwe tayari kuitoa. Wahenga walilisema kwa kifupi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baba Paroko alipoona karatasi yetu alicheka kidogo, hasa alipofika kwenye GB 24 za ofisi yake mwenyewe. Kifurushi kipya kiliungwa tarehe 7 Septemba. Tulinunua daftari la kurasa 40 na kulifunga kwa kamba kwenye mguu wa kabati. Mmoja wetu aliteuliwa kuangalia ujumbe wa ruta kila jioni baada ya Rozari na kuandika kiasi kilichobaki. Kompyuta ya ofisi tuliiwekea mpangilio unaoitambulisha kwamba mtandao huu unapimwa, ili isipakue mambo makubwa bila ruhusa, na usiku inazimwa. Kuhifadhi picha na video kwenye simu tulikuzima. GB 10 za kwanza tuliziandika mstari wa juu kabisa kwa jina la vijana, na makubaliano ni kwamba kijana akiingia na fomu, vingine vyote vinazimwa. Na mpira? Kuna kibanda umiza karibu na stendi ya bajaji. Mdogo wetu anasema huko mpira ni mtamu zaidi.

Wiki iliyofuata tulikwenda kusali kwenye jumuiya ya yule binti. Tulichanga elfu mbili, tukampa mama yake pembeni baada ya sala. Alishangaa.

"Elfu mbili ya nini tena, Frateri? Si mlimsaidia mtoto mpaka fomu ikaenda?"

Binti hakuwa amemweleza. Alimwambia tu kwamba mafrateri walimsaidia, kwamba waliporudi walitembea kwa sababu mwezi ulikuwa unaangaza, na kwamba sukari ilikuwa imepanda bei. Ilibidi tumweleze sisi wenyewe, tangu mwanzo, pamoja na mechi. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akacheka, kisha akaifunga ile hela kwenye pindo la kitenge.

"Haya. Basi msimwambie kama mmeniambia."

Tuliporudi seminarini katikati ya Septemba, daftari tuliliacha palepale kwenye mguu wa kabati kwa ajili ya mafrateri watakaotufuata. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya kuunga, tarehe ya kuisha, na hesabu ya GB 100 za Agosti kama tulivyoiandika usiku ule, bila kufuta jina la mtu. Chini yake tumeandika: deni letu kwa binti wa jumuiya, Sh 2,000, limelipwa. Shukrani, bado.